Amplifaya ya Kimya

Binti yangu aliniletea amplifaya mpya siku ya Jumatatu, na kabla sijaigusa akanikabidhi hedifoni.

"Hili ndilo sharti lake," alisema. "Unachomeka hapa, unavaa masikioni, unapiga gitaa lako mpaka uchoke. Mimi nalala, majirani wanapumzika, kila mtu na amani yake."

Nikaitazama hedifoni, nikaitazama amplifaya. Nimepiga gitaa miaka hamsini na kitu, na sijawahi kuona mtu ananunuliwa spika ili asisikike.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ni sawa na kumnunulia mtu viatu ili akae kitandani."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Ukae."

Binti yangu ni muuguzi. Wiki nyingi anapewa zamu ya usiku, anarudi asubuhi na macho mekundu, analala mchana. Mumewe ni dereva wa malori, yuko njiani siku nyingi kuliko nyumbani. Nyumba ni ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unaweza kumwambia pole bila kuinuka kitini. Kwa hiyo sharti lake halikuwa la ukorofi. Hilo nalikubali.

Lakini lilikuwa na jambo la pili ndani yake, na sote wawili tulilijua. Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipotoka nyumbani na gitaa begani. Nilimwambia mama yake naenda kupiga wiki mbili. Nilirudi baada ya miaka kumi na moja. Nikaondoka tena, nikarudi tena, na mara ya mwisho kurudi mama yake alikuwa ameshazikwa. Miaka miwili iliyopita kifua kilinilaza hospitali ya mji mmoja wa mbali, na wauguzi wa huko wakakuta namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ndani ya begi la gitaa. Wakampigia. Akaja, akanibeba, akanipa chumba. Tangu hapo nikivaa viatu tu, anauliza naenda wapi.

Sasa turudi kwenye mashine, maana haki yake lazima niiseme. Ilikuwa nzuri. Nyeusi, mraba, pembe zimevikwa chuma, wavu wa kijivu mbele na mpini wa ngozi juu. Ilinuka gundi mpya. Uzito wake ni wa mtoto wa miaka mitano aliyegoma kutembea. Juu ilikuwa na vitufe vinane vya kuzungusha, na kimoja kilikuwa kimezungukwa na majina: Chumba, Ukumbi, Kanisa, Pango. Sikuelewa kwa nini mtu aliyekaa chumbani anahitaji kitufe cha kumpeleka pangoni.

Nikaiwasha, sikusikia kitu. Amplifaya zote nilizowahi kupigia zilikuwa zinavuma. Ile niliyotembea nayo muda mrefu kuliko zote ilikuwa redio ya mbao niliyoipasua tumbo na kuitia tundu la waya. Ukiiwasha inavuma kama nyuki ndani ya debe, inatoa harufu ya vumbi linaloungua, ndipo unajua mzee ameamka. Hii ilikaa kimya kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi la ubavuni.

"Baba, usiipige. Imewaka."

"Umejuaje?"

"Taa ya kijani."

"Taa si sauti," nikasema, lakini nikavaa hedifoni, maana alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na mashine alikuwa ameileta yeye.

Sauti ilikuwa safi mpaka ikanitisha. Nilisikia uzi, nikasikia kucha iliyougusa uzi, nikasikia na ngozi ya kidole ikiteleza kwenye shingo ya gitaa. Kwenye redio yangu makosa yalikuwa yanapita kama mtu aliyejifunika shuka: unaona kuna mtu, humjui ni nani. Humu kila kosa lilipita na sura yake. Saa ya kwanza nilisikia makosa ambayo nadhani nimekuwa nayo tangu ujana na hakuna aliyewahi kunitajia.

Makosa sikuyaogopa. Kilichonisumbua nilikigundua siku ya tatu, na ili ukielewe lazima nikueleze nilivyofundishwa kazi.

Mimi nimelelewa kwenye bendi za amplifaya moja. Gitaa tundu la kwanza, maikrofoni ya mwimbaji tundu la pili, na sote wawili tunatokea kwenye spika ileile. Ukivuta noti ndefu unammeza mwimbaji, na akishuka jukwaani anakutafuta. Kwa hiyo nilijifunza kupiga na kukaba. Kidole gumba kinapiga, kiganja kinalala palepale juu ya nyuzi kuzima sauti, mwimbaji anapita. Piga, kaba, mpishe. Nimefanya hivyo mpaka mkono haujui njia nyingine, na miji yote niliyopita jina langu likawa Mkaba. Walioniona kwenye vitambulisho wanajua jina jingine, lakini hao si wengi.

Basi ndani ya hedifoni nilikuwa napiga, nakaba, na hapiti mtu. Kimya. Napiga, nakaba, kimya. Ni kama kumfungulia mlango mtu ambaye hajaja, mara mia, mchana kutwa. Nikazungusha kile kitufe mpaka Kanisa, na mwangwi ukaja ukajaza mapengo yote kwa sauti yangu mwenyewe, tamu, laini, ya kubembeleza wagonjwa. Nikausikiliza kidogo. Kisha nikakirudisha kitufe kwenye sifuri, nikavua hedifoni, nikashuka chini kupunga upepo.

Chini ya ghorofa yetu kuna duka la fundi wa mapazia, mama mmoja mnene wa miaka hamsini na tano hivi ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Siku za kazi anashona. Jumamosi mchana anaimba na bendi kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, mtaa wa tatu kutoka hapo, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, watu wakicheza kabla ya kwenda makwao. Alikuwa mlangoni na pini mdomoni.

"Mkaba, uko hai?" akasema kupitia zile pini.

"Si unaniona nimesimama."

"Kusimama wanasimama wengi. Siku tatu sijasikia kitu juu huko. Nikasema basi, nimebaki na kelele za cherehani."

"Nina amplifaya mpya."

"Mpya, na haisikiki? Wasije wakawa wamekuuzia jokofu."

"Jokofu lenyewe linavuma."

Akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. Nikamweleza habari ya hedifoni, akaacha kucheka.

"Sikiliza," akasema. "Mpiga gitaa wetu wa pili amehamishwa kikazi. Jumamosi saa nane tunajaribu watu, kabla ya dansi kuanza. Njoo na jokofu lako."

"Binti yangu hatakubali."

"Mimi sijamwalika binti yako, nimekualika wewe. Toroli la majora ya vitambaa liko nyuma ya mlango, ukitaka kulichukua lichukue. Usipotaka, panda juu ukavae masikio yako."

Nikapanda juu, lakini masikio sikuyavaa tena.

Sikumwambia binti yangu mpaka siku yenyewe. Huo ni woga, najua. Jumamosi saa saba na nusu nilikuwa nimeshaisukuma amplifaya hadi mlango wa mbele, gitaa begani, nikidhani amelala. Mlango wa chumba chake ukafunguka. Alikuwa na nguo ya kulalia na kitambaa kichwani.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Ukumbini. Wanatafuta mpiga gitaa wa pili."

"Na kifua?"

"Napiga kwa mkono, kifua hakina kazi."

"Nilikununulia hiyo upigie hapa."

"Umeninunulia nikae nayo kama dawa. Mimi siumwi."

Akaegemea ukuta. Nilidhani atapandisha sauti, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kupandishiwa sauti. Hakupandisha.

"Mzee," akasema, na akiniita Mzee badala ya Baba najua tumefika pabaya, "ukitoka na hiyo mashine, ile namba iliyo ndani ya begi lako uifute. Safari hii wakikulaza mahali, watafute mtu mwingine wa kumpigia."

Nimefukuzwa na wenye nyumba, wenye hoteli, na mwenye bendi mmoja aliyenifukuza kwa barua yenye mhuri. Hakuna lililowahi kunigonga kama hilo. Miguu ilitaka kurudi chumbani, sikatai. Lakini nilijua nikirudi siku hiyo, nitarudi kila siku, na siku moja atanikuta nimekaa na hedifoni masikioni na mashine haijawashwa, na wala hatagundua tofauti.

"Sifuti," nikasema. "Na natoka."

Nikaiteremsha ghorofa tatu, ngazi kwa ngazi, nikiikumbatia kwa mbele, nikipumzika kila kona. Hakunifuata. Chini nikaipakia kwenye toroli la Shangazi.

Ukumbi ulikuwa mrefu, dari la bati, viti vya plastiki vimepangwa kandokando. Jukwaa lilikuwa dogo, nyuma yake ukuta wa matofali usiopigwa lipu. Kiongozi wa bendi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwalimu wa hesabu, mwembamba, anayehesabu mapigo kwa kalamu hata wakati hakuna anayepiga. Pembeni alikaa fundi mitambo, na mbele yake meza iliyojaa vitufe.

"Karibu, Babu," akasema Mwalimu.

"Babu ni wa wajukuu, nami bado sijapata. Niite Mkaba."

Fundi mitambo alichukua waya akataka kuichomeka mashine yangu kwenye meza yake, sauti itokee kwenye spika kubwa za ukumbi. Nikakubali, mimi ni mgeni. Tukaanza wimbo, wa mwendo wa kati, Shangazi mbele na maikrofoni yake.

Nilipiga vibaya. Siyo vibaya kidogo. Sauti ya Shangazi ilikuwa inatokea huko mbali, kwenye spika zilizo mlangoni, inanifikia imechelewa kama barua. Sikujua anaingia wapi. Nilikuwa nakaba mahali ambapo hayupo na kupiga mahali ambapo yupo. Mwalimu akasimamisha kwa kalamu.

"Mzee wetu, mbona una mapengo mengi? Vuta noti kidogo. Au ongeza mwangwi, mashine yako ninaona inao." Akainama mwenyewe, akakizungusha kitufe hadi Ukumbi. "Jaribu hivyo."

"Tuko ukumbini tayari," nikasema, nikakirudisha sifuri.

Mpiga besi akacheka ndani ya shati. Mwalimu hakucheka.

"Siku hizi hatupigi hivyo," akasema taratibu, kwa adabu, kama anavyomwambia mwanafunzi mzito. "Watu wanataka sauti iliyojaa. Ukiweza kubadilisha mkono, nafasi ipo. Usipoweza, tutakushukuru kwa kuja."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Nafasi ilikuwa ile, na bei yake ilikuwa mkono wangu. Nyumbani nimeambiwa nipige nisisikike, hapa naambiwa nisikike nisiwe mimi. Nikaona heri kubishana na huyu, maana huyu hakunibeba kutoka hospitali.

"Mkono sibadilishi," nikasema. "Nipe wimbo mmoja kwa njia yangu. Ukikataa, nabeba mzigo wangu. Shangazi, lete maiki hapa."

"Wapi?"

"Kwenye mashine yangu. Tundu la pili."

Fundi mitambo akasimama. "Hiyo haifanyiki, Babu. Gitaa na maiki spika moja? Itapiga yowe."

"Chomoa na waya wako pia," nikamwambia. "Tunatokea hapahapa."

Shangazi aliniangalia, akamwangalia Mwalimu, kisha akaburuta waya wa maikrofoni mwenyewe na kuuchomeka. Akasema neno la kwanza tu, mashine ikapiga yowe la kutoboa masikio. Mpiga ngoma akaangusha kijiti. Fundi mitambo akaketi, mikono hewani, uso wa mtu aliyekwisha kuonya.

Mimi nilikuwa nacheka, maana hilo yowe nalijua. Ni mwimbaji na spika wanatazamana. Nikaishika mashine kwa mpini, nikaizungusha yote, uso wake ukatazama matofali na mgongo ukatazama watu.

"Sasa unaipa adhabu?" akauliza fundi mitambo. "Imekosa nini?"

"Imeropoka," akasema Shangazi, na akaimba tena. Hakukuwa na yowe.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwenye vyumba vidogo vya miji yote ile. Sauti inakwenda ukutani kwanza, inagonga, inarudi imetawanyika, haina ncha tena. Nilijua itafanya kazi. Sikujua itafanya nini na mashine nzuri namna hii. Redio yangu ya mbao ilikuwa inarudisha kutoka ukutani tope la sauti, na humo ndani ulikuwa unatafuta gitaa kwa kupapasa. Hii ilirudisha kila kitu. Kidole gumba kikigonga, matofali yanagonga. Nikikaba, panakuwa kimya kabisa, bila mvumo, bila mkia, kimya kilichokatwa kwa kisu, na katikati ya kimya hicho sauti ya Shangazi ilipita pana, na mkwaruzo wake, na pumzi yake. Miaka yote nimekuwa nikimpisha mtu kwenye kichochoro. Siku hiyo nilimpisha kwenye barabara.

Mpiga ngoma akaingia bila kuambiwa. Mpiga besi akasogea hatua mbili karibu na mashine. Nilikuwa nausikia upepo wa spika ukirudi kutoka ukutani, ukinigusa suruali magotini. Hedifoni haina upepo, na ndicho nilichokuwa nimekosa wiki nzima bila kujua jina lake.

Nilikosea mara mbili kwenye ubeti wa pili na kila mtu alisikia. Sikupunguza sauti.

Wafanyakazi waliofika mapema walikuwa wamesimama mlangoni. Mwanamke mmoja mwenye ovaroli akaweka begi lake chini, akaanza kucheza peke yake karibu na viti, macho kwenye sakafu, kama mtu anayefanya shughuli yake. Mwalimu alimtazama yule mwanamke. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Tulipomaliza, Mwalimu akafuta miwani yake.

"Ubeti wa pili," akasema.

"Nilisikia."

"Utarekebisha?"

"Kosa nitarekebisha. Mkono hapana."

"Na hiyo spika itakaa inatazama ukuta kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Kifungo cha maisha," akasema fundi mitambo, na tayari alikuwa anavuta meza yake isogee.

"Basi keti, Mkaba," akasema Mwalimu. "Saa tisa inafika."

Nilipiga mpaka saa kumi na mbili. Mashine niliiacha ukumbini kwenye stoo, nikarudisha toroli, nikapanda ngazi nimebeba gitaa peke yake. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nilisimama kwenye kona ya mwisho mpaka kikanyamaza, nisiingie nacho hivyo.

Nilibisha hodi, ingawa nina ufunguo. Binti yangu alikuwa amevaa sare tayari, anakunywa chai kwa kusimama.

"Wamekuchukua," akasema. Hakuuliza.

"Wamenichukua. Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na mbili."

"Na baada ya Jumamosi watasema kuna mji fulani unawataka. Wiki mbili tu."

"Wanaweza kusema."

"Nawe utakwenda."

Ningeweza kumwambia hapana. Lilikuwa ndilo neno alilolitaka, na mdomo ulikuwa umeshalishika. Lakini nimewahi kumpa mama yake maneno mazuri ya aina hiyo, na anajua yalikofikia.

"Sijui," nikasema. "Kujua sijui. Ila kupiga napiga, mwanangu, na siombi ruhusa. Nakupa taarifa. Mama yako sikumpa hata taarifa ya kweli."

Akaweka kikombe mezani. Nje mtu alikuwa anaita mtoto aingie ndani. Kisha akaenda kwenye mlango wa jikoni, mahali anapobandika ratiba yake ya zamu, ile karatasi yenye mistari na majina ya wenzake wa kazini, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa sare.

"Kwetu hospitalini taarifa ya mdomo haihesabiki," akasema. "Andika. Mahali, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Ukichelewa nusu saa unapiga simu. Usipopiga, nakuja huko ukumbini na sare yangu, nakupima presha mbele ya watu."

Nikaandika mstari wa mwisho, chini ya mtu wa maabara. Mwandiko wangu ni mbaya, nimesoma darasa la tatu mji mmoja na la tano mji mwingine, la nne sikuliona. Akausoma, akasahihisha saa ya kutoka, akatia sahihi pembeni.

"Na ndani ya nyumba hii ni hedifoni," akasema.

"Sivai."

"Basi ndani hupigi."

"Basi sipigi."

Akavaa viatu vya kazini, akachukua mkoba. Alipofika mlangoni akageuka, si mwili mzima, kichwa tu.

"Ikoje sauti yake, ile mashine?"

"Njoo Jumamosi usikie."

"Jumamosi mchana nalala."

"Basi lala," nikamwambia.

Akafunga mlango. Nikamsikia akishuka ngazi, na alipofika kona ya pili akasimama kidogo, kama mtu anayesikiliza, kabla ya kuendelea.